Mwanga wa galaksi zote: kuutazama, kuhesabu vyanzo vyake, au kuusoma ndani ya miale ya gamma?

Tangu nyota za kwanza zilipowaka, mwanga wao umekuwa ukitoka katika galaksi zao na kusambaa katika nafasi iliyo wazi kati ya galaksi na galaksi, na sehemu kubwa ya mwanga huo haijakutana na kizuizi chochote mpaka leo. Bado uko njiani. Mwanga huo wa kila nyota iliyowahi kuwaka, ukijumlishwa na joto la vumbi lililopashwa na nyota hizo, ndio unaoitwa mwanga wa usuli wa galaksi. Wigo wake, yaani mgawanyo wa nguvu yake kwa kila urefu wa wimbi, una vilele viwili. Kimoja kiko karibu na urefu wa wimbi wa maikromita 1, nacho kinatokana na nyota zenyewe. Kingine kiko karibu na maikromita 150, nacho kinatokana na vumbi lililofyonza mwanga wa nyota na kuutoa tena kama infraredi. Vilele hivyo vinakaribiana kwa nguvu, kila kimoja kikibeba takriban nanowati 25 kwa kila mita mraba kwa kila steradiani (steradiani ni kipimo cha ukubwa wa kipande cha anga), na hiyo ina maana kwamba karibu nusu ya nishati ya mwanga huo imepitia kwenye vumbi kabla ya kutufikia.

Kiasi hicho ni kidogo mno, na ugumu wote unaanzia hapo. Kuna njia tatu za kukipima. Ya kwanza ni kulitazama giza la anga na kupima mwangaza unaobaki baada ya kuondoa kila kinachojulikana. Ya pili ni kuhesabu galaksi moja moja na kujumlisha mwanga wake. Ya tatu ni kupokea miale ya gamma, yaani mwanga wenye nishati kubwa kuliko wote, iliyotoka mbali na kusoma ndani yake alama ya mwanga ulioifyonza safarini. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu anayeandaa somo, au kikundi kinachoandika ombi la muda wa darubini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: swali likiwa ni jumla ya mwanga uliopo, mimi huanza na miale ya gamma, swali likiwa ni nani aliyeutoa mwanga huo, miale ya gamma haina jibu, na atakayeitegemea peke yake atapoteza muda wake.

Jinsi mwanga unavyoufyonza mwanga

Njia ya tatu ndiyo isiyozoeleka, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa kina kabla ya kuwekwa kwenye mizani. Katika maisha ya kila siku miale miwili ya mwanga hupishana bila kudhuriana: ukielekeza taa mbili zikatane, kila mwale unaendelea na njia yake. Hali hubadilika nishati zinapokuwa kubwa vya kutosha. Mwaka 1934 Gregory Breit na John Wheeler walionyesha kwamba fotoni mbili zikigongana zinaweza kutoweka zote mbili, na mahali pake pakazaliwa elektroni na positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Sharti lake ni kwamba nishati ya mgongano itoshe kuunda tungamo la chembe hizo mbili. Fotoni zikigongana uso kwa uso, nishati ya moja ikizidishwa kwa nishati ya nyingine haipaswi kupungua chini ya mraba wa elektronivolti 511,000 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa chembe na fotoni). Fotoni ya gamma yenye elektronivolti trilioni 1, yaani TeV 1, inahitaji basi mwenzake mwenye angalau elektronivolti 0.26, na fotoni ya namna hiyo ni ya infraredi ya kawaida kabisa, ambayo kila galaksi inaimwaga kwa wingi.

Uwezekano wa mgongano hufikia kilele nishati inapokipita kizingiti hicho kwa kiasi fulani, na kwa kuwa fotoni hukutana kwa pembe za kila aina, kanuni inayofaa kukumbukwa ni hii: mwale wa TeV 1 hufyonzwa hasa na mwanga wa karibu maikromita 1.2, mwale wa TeV 10 hufyonzwa na mwanga wa karibu maikromita 12, na uwiano unaendelea hivyohivyo. Kila nishati ya gamma ina rangi yake ya mwanga inayoiwinda. Hapo ndipo ilipo thamani ya njia hii, kwa sababu anayepima upotevu wa miale katika nishati moja baada ya nyingine anaupima mwanga wa usuli rangi baada ya rangi, bila kuutazama mwanga huo wenyewe hata mara moja.

Hesabu moja inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, na ningemshauri kila anayeingia katika eneo hili aifanye kwa mkono wake. Chukua nanowati 24 kwa kila mita mraba kwa kila steradiani kwa ajili ya kilele cha kwanza. Zidisha kwa 4π, gawanya kwa kasi ya mwanga, nawe utapata nishati iliyomo ndani ya nafasi: takriban elektronivolti 6,000 katika kila mita ya ujazo. Fotoni za eneo hilo zina karibu elektronivolti 1 kila moja, kwa hiyo zipo kama 6,000 katika kila mita ya ujazo ya ulimwengu. Kwa kulinganisha, mnururisho wa usuli wa mikrowevu uliobaki baada ya Mlipuko Mkuu una fotoni zipatazo milioni 411 katika ujazo uleule, ila ni dhaifu mno kuweza kumgusa mwale wa TeV 1. Sasa, eneo la mgongano, yaani ukubwa wa shabaha ambayo kila fotoni inauwekea mwale, katika kilele chake ni mita mraba 1.7 × 10⁻²⁹. Zidisha idadi ya fotoni kwa eneo hilo, kisha pindua jibu, na utaona kwamba mwale wa TeV 1 husafiri wastani wa mita 10²⁵ kabla ya kumezwa. Hiyo ni miaka ya nuru bilioni 1 hivi. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa si kila fotoni iliyoko njiani iko katika kilele cha uwezekano, lakini jibu lake halikai mbali na lile linalotolewa na modeli kamili.

Linalofuata ni kuona jinsi umbali unavyofanya kazi yake. Galaksi inayoitwa Markarian 421, ambayo darubini ya Whipple huko Arizona iliitambua kuwa chanzo cha miale ya TeV mwaka 1992, iko umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 400. Kwa hesabu yetu, theluthi moja hivi ya miale yake ya TeV 1 hupotea njiani. Galaksi 1ES 1101-232 iko umbali wa karibu miaka ya nuru bilioni 2.3, na kutoka huko unafika mwale mmoja kati ya tisa. Umbali umeongezeka chini ya mara sita, lakini hasara imepanda kutoka theluthi moja hadi karibu tisa ya kumi, kwa sababu kila kipande cha njia kinamega sehemu ya kile kilichosalimika katika kipande kilichotangulia. Umbali ambao miale ya nishati fulani hubaki asilimia 37 tu huitwa upeo wa miale ya gamma. Kwa TeV 1 upeo huo uko jirani kiasi. Kwa nishati iliyo sehemu ya kumi ya hiyo unasogea mpaka umbali ambao mwanga huusafiri kwa zaidi ya nusu ya umri wa ulimwengu. Na chini ya elektronivolti bilioni 10, yaani GeV 10, ulimwengu karibu wote uko wazi.

Kulitazama giza

Njia ya kwanza inavutia kwa unyoofu wake. Haihitaji kudhani lolote kuhusu chanzo cha mwanga: kila fotoni inayoingia kwenye kamera inahesabiwa, iwe imetoka katika galaksi inayoonekana, katika nyota zilizotapakaa nje ya galaksi, au katika chanzo ambacho hakuna aliyekiwaza. Kwa mtu anayetafuta jambo jipya kabisa, hakuna njia iliyo na mlango mpana kuliko huu.

Tatizo ni mahali tunapoishi. Mfumo wa Jua umejaa vumbi jembamba linalotawanya mwanga wa Jua, na katika mwanga unaoonekana na infraredi ya karibu, mng'ao wa vumbi hilo, uitwao mwanga wa zodiaki, unaushinda mwanga wa usuli mara makumi kadhaa. Kosa la asilimia chache tu katika kuuondoa linatosha kuzaa ziada isiyokuwepo au kufuta ziada iliyopo. Kati ya maikromita 5 na maikromita 100 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo vumbi hilohilo linang'aa kwa joto lake lenyewe. Ndiyo maana mafanikio makubwa ya njia hii yalipatikana mbali na eneo hilo: setilaiti ya COBE, iliyorushwa Novemba 1989, iliwezesha kutangazwa mwaka 1998 kwa vipimo vya nanowati 25 katika maikromita 140 na nanowati 14 katika maikromita 240, na vipimo hivyo vimedumu. Upande wa mawimbi mafupi mambo hayakwenda hivyo. Chombo cha Kijapani cha IRTS, kilichorushwa mwaka 1995, kilionyesha ziada kubwa ya infraredi ya karibu, mara kadhaa kuliko jumla ya galaksi zote zinazohesabika, na kwa miaka kadhaa ziada hiyo ilidhaniwa kuwa huenda ni mwanga wa nyota za kwanza kabisa.

Suluhisho la wazi ni kuondoka katika vumbi. Chombo cha New Horizons, kilichompita Pluto tarehe 14 Julai 2015, kinaendelea kwenda nje ambako mwanga wa zodiaki karibu umekwisha, na kamera yake imetumiwa kupima giza la anga. Kisa chake nitakirudia, kwa sababu kinaonyesha ubora na udhaifu wa njia hii kwa pamoja.

Kuhesabu galaksi

Njia ya pili ni ya subira. Unachukua picha za kina kirefu, kama zile ambazo darubini ya Hubble imekuwa ikizipiga tangu mwaka 1995 na ambazo sasa zinaongezewa na darubini ya James Webb, unahesabu galaksi katika kila kiwango cha mwangaza, kisha unajumlisha. Jambo linaloifanya njia hii iwezekane ni kwamba jumla haikui bila mwisho. Kadiri unavyoshuka kwenye galaksi hafifu zaidi, idadi inaongezeka, lakini haiongezeki kwa kasi ya kutosha kufidia udogo wa mwanga wa kila moja, na mchango wa kila hatua mpya unapungua. Mwanga wa zodiaki hausumbui sana hapa, kwa sababu galaksi hupimwa kwa kulinganishwa na kipande cha anga kilicho kando yake.

Udhaifu wake hauondoleki: inahesabu kile tu kinachoonekana kuwa galaksi. Kingo pana na hafifu za galaksi hukatwa, nyota zilizonyofolewa katika migongano ya galaksi na kuachwa zikielea haziingii kwenye orodha, na galaksi hafifu kupita kiasi hazionekani kabisa. Kwa hiyo jumla inayopatikana ni sakafu. Mwanga wa kweli unaweza kuwa juu yake, lakini hauwezi kuwa chini yake isipokuwa kuwe na kosa la upimaji. Pamoja na hayo, njia hii pekee ndiyo inayokwambia mwanga umetoka wapi: galaksi za ukubwa gani, za umri gani, zenye vumbi kiasi gani.

Sakafu, dari, na kisa cha New Horizons

Sakafu pekee haitoshi kuujua urefu wa chumba, na ni miale ya gamma iliyoleta dari. Mwaka 2006 kikundi cha H.E.S.S., chenye darubini zake katika nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, kilichapisha uchunguzi wa galaksi mbili, 1ES 1101-232 na H 2356-309. Miale yao ya TeV ilikuwa mingi kuliko ilivyotarajiwa. Kama ile ziada ya infraredi ingekuwa kweli imejaa kati ya galaksi, basi ili miale mingi kiasi hicho ifike, vyanzo vyake vingelazimika kutoa miale kwa wigo unaopanda kadiri nishati inavyoongezeka, jambo ambalo hakuna utaratibu unaojulikana wa kuchochea chembe unaolieleza kwa urahisi. Kikundi kikahitimisha kwamba ulimwengu uko wazi zaidi kuliko ulivyodhaniwa, na kwamba dari la mwanga wa usuli liko karibu sana na sakafu ya galaksi zilizohesabiwa. Ninaliona hili kuwa tukio kubwa kuliko yote katika historia fupi ya eneo hili, kwa sababu swali lililokwama kwa vumbi la jirani zetu lilijibiwa na kipimo ambacho vumbi hilo haliwezi kukigusa.

Sasa tuirudie New Horizons. Mwaka 2021, kwa picha zilizopigwa zaidi ya mara 40 ya umbali wa Dunia na Jua, watafiti walitangaza mwangaza uliozidi jumla ya galaksi. Mwaka uliofuata kipimo kilichoboreshwa kilitoa nanowati 16 hivi, takriban nusu yake ikiwa haina maelezo. Chombo kilikuwa safi, mwanga wa zodiaki haukuwa kikwazo tena, na hapakuwa na sababu nyepesi ya kuikataa ziada hiyo. Upande wa pili, vipimo vya miale ya gamma vilikuwa vikielekea upande wa hesabu ya galaksi. Aliyetaka kuchagua wakati huo alikuwa na njia mbili zisizokubaliana. Mwaka 2024, kwa picha mpya zilizopigwa zaidi ya mara 57 ya umbali wa Dunia na Jua na kwa namna mpya ya kukadiria mwanga wa Njia Nyeupe unaotawanywa na vumbi la galaksi yetu wenyewe, jibu lilishuka hadi nanowati 11.16, na kosa la 1.65, ilhali hesabu ya galaksi inatoa kama 8. Tofauti iliyobaki ni ndogo kiasi cha kutodai maelezo mapya. Somo la mchaguaji ni kwamba kukimbia vumbi la Mfumo wa Jua hakukimbii vumbi la Njia Nyeupe, na anayechagua njia ya kutazama giza anachagua pia kazi ya miaka mingi ya kuchunguza kila kitu kilicho mbele ya giza hilo.

Miale ya gamma nayo ina deni lake

Ingekuwa si haki kuisifu njia ya tatu bila kuonyesha inapoteleza. Swali lake gumu ni hili: ulijuaje chanzo kilitoa miale mingapi kabla ya safari? Vyanzo vinavyotumika zaidi ni blaza, yaani galaksi ambazo shimo jeusi la katikati linarusha mkondo wa chembe karibu kabisa kuelekea kwetu. Blaza hubadilika, mara nyingine ndani ya saa chache, na wigo wao wa asili hauandikwi popote. Wigo unaopinda kwa sababu ya kufyonzwa unaweza kufanana na wigo uliopinda kwa asili yake. Zaidi ya hayo, aina ya blaza inayofaa zaidi kwa kazi hii haina mistari dhahiri katika mwanga wake, kwa hiyo msogeo mwekundu wake, yaani kurefuka kwa mawimbi ya mwanga kunakotumiwa kukadiria umbali, na kwa hiyo umbali wenyewe, mara nyingi haujulikani. Kipimo kisicho na umbali hakina kazi hapa.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuangalia nishati za chini ambako hakuna ufyonzaji, kupima wigo wa asili hapo, kuuendeleza kwa mstari mpaka nishati za juu, kisha kuhesabu kilichopungua. Ya pili ni wingi: blaza mmoja anaweza kuwa na tabia yake, lakini ukikuta mamia ya blaza wakipungukiwa katika nishati ileile inayolingana na umbali wao, tabia ya mmoja mmoja haiwezi kuwa sababu. Ninaiamini dawa ya pili zaidi ya ya kwanza, kwa kuwa mwendelezo wa mstari huegemea dhana, ilhali uhusiano na umbali ni jambo linaloonekana. Yapo pia mapendekezo kwamba miale ya gamma inaweza kugeuka kuwa chembe za kinadharia zinazofanana na aksioni, ambazo bado hazijaonekana, ndani ya uga sumaku na kuvuka sehemu ya njia bila kufyonzwa. Hayo yanachunguzwa, na anayechagua njia hii kwa ajili ya kupima mwanga anapaswa kujua kwamba anadhani hayatokei.

Setilaiti au darubini za ardhini?

Aliyekwisha kuchagua miale ya gamma bado ana uchaguzi wa pili, na hapa tofauti ni kubwa zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Darubini ya setilaiti ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, ina eneo la kunasa miale lisilofika mita mraba 1 kwa sehemu kubwa, lakini inaona anga lote kila baada ya saa 3, usiku na mchana, na inaanzia kwenye nishati ambazo hazifyonzwi kabisa. Hivyo inaupima wigo wa asili na wigo uliopungua kwa chombo kimoja. Mwaka 2012 ilionyesha alama ya ufyonzaji katika blaza 150, na mwaka 2018 katika blaza 739 pamoja na mlipuko mmoja wa miale ya gamma, GRB 080916C, ambao mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka bilioni 12. Kwa kuwa blaza hao wako katika umbali mbalimbali, watafiti waliweza kuona jinsi mwanga ulivyojengeka kipindi baada ya kipindi, na kutoka hapo wakachora historia ya kuzaliwa kwa nyota katika zaidi ya asilimia 90 ya umri wa ulimwengu. Jumla ya fotoni zilizokwisha kutoka katika nyota na kuingia angani ilikadiriwa kuwa 4 × 10⁸⁴.

Darubini za ardhini hufanya kazi kwa namna nyingine. Mwale wa gamma ukiingia katika angahewa huzaa mvua ya chembe, na chembe hizo hutoa mmweko wa buluu unaodumu nanosekunde chache na kutandaa juu ya ardhi kwa eneo lenye nusukipenyo cha mita 120 hivi. Darubini yoyote iliyo ndani ya eneo hilo inauona mmweko, kwa hiyo eneo la kunasia ni makumi ya maelfu ya mita mraba. Gharama yake ni usiku wenye giza na anga safi tu, takriban saa 1,000 kwa mwaka, na sehemu ndogo ya anga kwa wakati mmoja. H.E.S.S., MAGIC katika kisiwa cha La Palma, na VERITAS huko Arizona zimefanya kazi hivyo, na mwaka 2008 MAGIC ilitangaza miale kutoka 3C 279, ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 5 hivi. Aina ya tatu, mfano wake LHAASO katika mkoa wa Sichuan nchini China, hunasa chembe zenyewe zinapofika ardhini kwenye mwinuko wa mita 4,410 na haihitaji giza. Ndiyo maana ilikuwa macho tarehe 9 Oktoba 2022 mlipuko wa GRB 221009A ulipotokea umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 2, ikapokea miale iliyofika kama TeV 13.

Kwa uamuzi wa haraka: Fermi inaona mwanga wa urujuanimno na ule unaoonekana, katika ulimwengu wa mbali na wa zamani, darubini za ardhini zinaona mwanga unaoonekana na infraredi, katika ulimwengu wa jirani. Hazishindani.

Nani achague nini

Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti, asiye mwanachama wa kikundi chochote kikubwa, ningemwelekeza kwa Fermi bila kusita. Data zake ziko wazi kwa umma, programu za kuzichambua zinatolewa bure, na swali kama vile ufyonzaji wa blaza kadhaa wenye umbali unaojulikana linaweza kukamilishwa ndani ya mwaka mmoja. Akipenda picha kuliko wigo, hazina za picha za Hubble zinampa njia ya kuhesabu galaksi, nayo ni kazi nzuri ya kujifunzia kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho: unaiona galaksi uliyoikosa.

Anayeshughulika na historia ya nyota achague vyote viwili, hesabu ya galaksi na Fermi, kwa kuwa ya kwanza inaonyesha nani alitoa mwanga na ya pili inakagua kama kuna mtoaji aliyesahaulika. Anayetafuta mwanga usio na galaksi, kwa mfano mwanga wa nyota zilizotapakaa au wa chembe zinazooza, hana budi kutazama giza lenyewe, na achague data za chombo kilicho mbali na Jua. Lakini asichapishe ziada yoyote kabla ya kuilinganisha na dari la miale ya gamma, kwani ziada iliyojaa kati ya galaksi ingefyonza miale, na ile isiyofyonza miale inaelekea kuwa iko karibu nasi.

Kwa mwanga ulio kati ya maikromita 5 na maikromita 100, sioni chaguo la kweli isipokuwa miale ya gamma ya TeV 5 na kuendelea. Huko mng'ao wa vumbi la Mfumo wa Jua unafunga mlango wa kutazama, na hesabu za galaksi zinabaki kuwa sakafu tu. Vyanzo vinavyofaa ni vile vya karibu, Markarian 421 na Markarian 501 vikiwa mbele, kwa kuwa miale ya nishati hiyo haifiki kutoka mbali, na vinafaa zaidi wakati vinapowaka kwa nguvu, kama Markarian 501 ilivyofanya mwaka 1997 ambapo darubini za HEGRA ziliipima mpaka karibu TeV 20. Kikundi kinachoandaa ombi kingefanya vyema kulielekeza kwenye vituo viwili vya CTAO, mkusanyiko mpya wa darubini za ardhini za miale ya gamma, kimoja La Palma na kingine Paranal nchini Chile, na kuomba muda unaoweza kuitwa ghafla blaza anapowaka, badala ya usiku uliopangwa miezi mingi kabla.